Sikio la Upande wa Zumari

Wewe unayenisikiliza, karibu. Vuta mkeka ukae upande wangu wa kulia, maana ukikaa kushoto nitakuitikia kwa adabu tu na sitakuwa nimepata hata neno moja. Sina haraka. Nitaeleza polepole, na ukitaka nirudie nitarudia. Miaka hii mimi mwenyewe nimewarudisha watu nyuma mara nyingi mno, "Ati? Sema tena," hata sioni taabu mtu anaponirudisha mimi.

Nataka kukueleza jinsi nilivyopoteza sikio moja katika furaha za watu, na jinsi nilivyolishika la pili lisiende. Ikiwa wewe ni mpiga ngoma, au mpiga tarumbeta wa kanisani kule milimani, au una dada anayepiga, basi maneno haya ni yako zaidi kuliko yangu. Langu limekwisha kupita.

Mimi ni mpiga upatu wa Ngamiani, Tanga. Upatu ni sinia zito la shaba. Unalipakata, unalipiga kwa vijiti viwili, na sauti yake hukata hewa kama panga jipya. Katika chama chetu cha ngoma tulikuwa wanawake thelathini na zaidi, na mwanamume mmoja tu, Mzee Kombo, mpiga zumari. Zumari unaijua: mdomo wake mpana, sauti yake hufika mtaa wa tatu. Mzee Kombo akipuliza hufumba macho, mashavu yamemvimba kama maandazi, na pumzi yake haikatiki. Akishafika huko hana habari ya dunia ila upatu, ndio unaomwongoza asipotee. Kwa hiyo mila ya chama ilikuwa hivi: mpiga upatu huketi sikioni pa zumari. Mdomo wa zumari ulikuwa shibiri mbili tu kutoka shavu langu la kushoto. Nilikaa pale tangu kabla sijamzaa mwanangu wa kwanza.

Kuziba masikio lilikuwa jambo lisilofikirika. Kuziba masikio penye ngoma yako ni sawa na kuziba pua penye chakula cha mwenyeji. Na lipo kosa jingine, ambalo nadhani ni letu sisi tu. Baada ya ngoma masikio yalikuwa yakilia kama nyenze, wale wadudu wa mitini wakati wa joto. Sisi tuliita baraka. Tukirudi nyumbani tunaulizana njiani, "Shoga, wako wanalia?" "Wangu wanalia!" "Basi ngoma ilikuwa njema." Na asiyesikia nyenze alisikitika, akajiona kama aliyekwenda karamuni akarudi na njaa.

Kaskazi moja, mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, tulialikwa harusi Ushongo. Tulipiga siku tatu. Asubuhi ya nne nilishuka ufukweni peke yangu kunawa uso. Bahari ilikuwa inajaa. Niliona wimbi likija, likainuka, likavunjika, likatandaza povu lake miguuni pangu, na halikutoa sauti. Likaja jingine. Nalo kimya. Nilisimama pale, maji ya baridi magotini, nikawa kama mtu anayeota bahari badala ya kuiona. Wala sikuogopa. Nilijisemea, kumbe hivi ndivyo bahari ilivyo inapojizungumzia yenyewe. Kisha nikageuza kichwa kulitazama boma la makuti, na bahari ikarudi yote kwa mara moja upande wa kulia, ikinguruma. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikajiambia ni maji yameingia. Nikainamisha kichwa, nikarukaruka kwa mguu mmoja kama mtoto. Hayakutoka maji. Nyenze waliendelea, na safari hii hawakunyamaza siku ya pili wala ya kumi.

Nyumbani mambo yaliharibika taratibu, jinsi chumvi inavyokula bati. Unajua kwetu mtu akija hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka zake, ndio heshima. Mimi nilikuwa ndani, napepeta mchele au nashona kofia, na watu wanapiga hodi zao tatu mlangoni na kwenda. Ndugu wakapungua. Mashoga wakapungua. Nikawa nawaza, mbona siku hizi hatutembelewi? Nao wakawa wanawaza, mbona siku hizi huyu hatupokei sisi? Mama mkwe wangu alikuja kutoka Pongwe na ndizi kichwani, akapiga hodi, akaondoka nazo. Jioni alimwambia mwanawe mbele yangu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia:

"Bakari, mkeo ameota pembe. Namwona kwa dirisha ameketi, nampigia hodi, anatazama ukuta!"

"Mama, shikamoo," nikasema, "wallahi sikukusikia."

"Marahaba. Husikii hodi, lakini ngoma unaisikia."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma. Upatu niliendelea kuusikia hata baada ya sauti za watu kuanza kufifia. Mume wangu, Bakari, ni fundi cherehani, mtu mpole. Yeye naye alianza kuchoka. "Nimekuita mara nne," alikuwa akisema, halafu anaacha kuita. Nyumba yetu ikawa na ukimya ambao mimi niliudhania ni wa sikio langu, kumbe nusu yake ulikuwa wa kwake.

Kabla ya masika, wazee wakaamua nina pepo. Nyenze wale, walisema, ni pepo anayenong'ona. Sitaki umcheke mganga, wala sitaki umlaumu. Alikuwa mtu mwema na alinihurumia. Alinifunika shuka jeupe, akafukiza ubani, akasikiliza, kisha akasema, "Pepo huyu amezoea upatu. Bila upatu hapandi."

Basi ukaletwa upatu. Siku saba, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, nilikaa chini ya lile shuka, moshi mtamu puani, ngoma mbili mbele yangu, na upatu umeshikwa kando ya sikio langu la kushoto ili pepo asikie vizuri. Mwanga ulipita kwenye shuka kama maziwa. Niliwaona waimbaji wakiwa vivuli vinavyokua na kupungua. Kwa siku mbili sauti ziliniumiza. Siku ya tatu zikaanza kwenda mbali, zikazama, kama watu wanaoimba chini ya kisima. Siku ya tano upande wa kushoto haukubaki na kitu, ila nyenze. Wenzangu walipoona nimetulia na machozi yananitoka, wakapiga vigelegele: pepo ameridhika!

Nilikwenda hospitali masika yalipokuwa yamekolea, nikiwa nimekanyaga matope hadi vifundoni. Kama hujapata kungoja hospitali ukiwa husikii, nikuambie ilivyo. Unakaa kwenye benchi refu. Mvua inapiga bati. Dresa, msaidizi wa daktari, anatokea mlangoni na karatasi, anatamka jina, anangoja kidogo, anatamka jingine. Kila mdomo unaofunguka unadhani ni jina lako. Unasimama, kumbe si wewe. Unaona haya, unakaa, na safari inayofuata husimami, kumbe ndio wewe.

Mzee mmoja alinigusa bega. Alikuwa mtu wa bara, msalaba mdogo shingoni, mikono yake imechubuka kwa katani.

"Dada, hilo jina lako. Mara ya pili hii."

"Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Hakuna mwingine anayeshtuka kila mlango ukifunguka. Mimi pia sisikii. Naangalia mdomo wa dresa. Wewe unaangalia midomo ya watu wote." Alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa, benchi zima likitusikiliza. "Ulikuwa korona ipi?"

Korona ni ile mashine ya kuchana katani mashambani. Ukipita barabarani unaisikia inavyonguruma.

"Sijakanyaga korona maisha yangu," nikasema. "Napiga upatu harusini."

Mzee Yohana, ndilo jina lake, alicheka hadi akashika ubavu. "Watu wa pwani! Sisi uziwi tumeupata kwa jasho, ninyi mmeufuata wenyewe na hina mikononi!"

"Na ninyi wa bara mnafanyaje harusi bila kelele?"

"Tunakula."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Ushongo. Kisha akaniambia jambo. Shambani kwao alikuwako msimamizi wa mashine aliyekuwa akiziba masikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. "Tulidhani anaumwa masikio," alisema. "Tukamwonea huruma. Leo yeye anasikia, mimi naangalia midomo."

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kiswahili cha polepole kilichonifaa. Aligonga gotini kwake uma wa chuma wa kupimia masikio, ule unaolia ukigongwa, akausimamisha katikati ya paji langu, akauliza nasikia wapi. Sauti ilikuja upande wa kulia tu, nyembamba, kama uzi wa dhahabu. Nilirudi kwake mara nne katika masika yale. Mara ya nne aliniambia, bila kunizungusha:

"La kushoto halitarudi, mama. La kulia limeanza kuchoka, lakini bado unalo. Ukirudi penye kelele kama zamani, nalo litakwenda. Dawa sina. Nina hili neno tu."

Nikatoka nalo, lile neno, nikitembea chini ya mvua kama mtu aliyebeba yai.

Kipupwe kilipoingia, kaka yangu Athumani alinichukua Amani, alikokuwa akifanya kazi kwenye vitalu vya miche. Alidhani kimya cha msituni kitaniponya. Kimya! Msitu wa Amani umejaa nyenze. Wanaanza jua likipanda, mmoja, kumi, elfu, hata miti yenyewe unaona inatetemeka. Nilikaa barazani na blanketi mabegani, nisijue wapi wanakoishia wa mitini na wapi wanakoanzia wangu. Nilikuwa kama nimefunguliwa kichwa, na msitu unaingia na kutoka. Ajabu ni kuwa nilipumzika. Kwa mara ya kwanza kelele yangu ilikuwa na wenzake.

Siku moja adhuhuri ukungu ulishuka ghafla, ukafunika michai na miti mirefu, na nyenze wote wa mitini wakanyamaza kwa pamoja. Wangu wakabaki. Nikawasikiliza vizuri, peke yao, bila hofu, kama unavyomtazama mgeni usoni baada ya kumkwepa muda mrefu. Walikuwa wadogo. Nilikuwa nimewafanya wakubwa kwa kuwangojea waondoke. Tangu siku ile, wakinisumbua mchana nikitaka kulala kidogo, natega mtungi wenye tundu dogo, maji yadondoke kwenye bakuli karibu nami. Hupata la kusikiliza wao, nami hupata usingizi. Jaribu nawe, husaidia.

Nikarudi Tanga. Niligundua Bakari amehamisha kigoda chake. Miaka yote alikula akiwa kushoto kwangu. Sasa alikuwa kulia. Na mkabala wa mlango wetu kilikuwa kimetundikwa kipande cha kioo, ili nikiwa ndani nimwone anayesimama kizingitini. Alikitundika yeye, alikipima kwa futi yake ya kushonea. Mama mkwe alipokuja tena niliinuka kabla hajafungua mdomo. "Aa," akasema, "leo pembe zimekatika." Lakini ndizi safari hii aliziacha.

Ngoma nilikuwa nimeiacha. Mahali pangu alikaa Zaina, wifi yangu, dada yake Bakari, mwanamke mwenye mikono myepesi kuliko yangu, naye alikuwa hachoki kunitania kwamba upatu umeoa mke kijana. Vuli ilipoanza, alikuja kunisaidia kukuna nazi. Alikaa juu ya mbuzi, akakuna kidogo, akaacha, akaweka kiganja kwenye sikio la kushoto.

"Wifi," akasema, "ulipoanza wewe, ilikuwaje?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nauliza."

"Zaina, wako wanalia?"

Hakucheka. "Leo siku ya tano."

Nilimtaka asipige tena mpaka wanyamaze, naye akakubali. Kisha nikavaa buibui nikaenda moja kwa moja kwa Bi Riziki, ambaye ndiye kwini wa chama chetu, yaani mkubwa wetu. Aliwaita wenzetu, na Mzee Kombo akaja akakaa mlangoni.

"Mila hii tumeikuta," Bi Riziki alisema niliposema tubadilishe mahali pa upatu. "Upatu na zumari ni mke na mume. Ukiwatenga, hiyo ni talaka."

"Bibi, nami nimeikuta. Sikio langu nimeliacha humo. Sasa la Zaina liko njiani."

"Na watu wa Chumbageni watasemaje?" Hao ndio tunaoshindana nao. "Watasema tumeogopa zumari yetu wenyewe!"

Mzee Kombo akakohoa. "Mie mnaniruhusu niseme? Tatizo ni huu mdomo wa zumari uko chini, unawapulizia usoni. Nipandisheni juu. Nigeuzieni kinu, nisimame."

Tukajaribu uani. Kinu kikapinduliwa, mzee akapanda, zumari ikaelekea juu ya vichwa vyetu, nami nikaketi mbele yake hatua saba. Ilikuwa vurugu. Mapigo mawili, naye alikuwa amekwisha kupotea, upatu huku, zumari kule, wanawake wamelala kwa kicheko.

"Siusikii vizuri kama zamani!" alilalamika.

"Fumbua macho basi," nikamwambia. "Tazama mikono yangu."

Akafumbua. Akatazama vijiti vyangu, akafuata, na ngoma ikakaa. Tulipomaliza alibaki juu ya kinu akitukodolea macho. "Nimepiga harusi zenu zote," akasema, "wala sijaona hata bibi harusi mmoja. Kumbe mlikuwa mnavaa vizuri hivi?"

Harusi iliyofuata ilikuwa kaskazi tena, na wa Chumbageni walialikwa pia. Zaina masikio yake yalikuwa yamenyamaza baada ya siku tisa, lakini hatukutaka kumrudisha upesi. Hapakuwa na mpiga upatu mwingine. Nikasema nitapiga mimi.

Bakari aliweka mkasi chini. "Likienda na hilo," aliuliza, "mimi nitazungumza na nani?"

Nilimwonyesha pamba niliyokwisha kuitayarisha, nimeikanda na nta ya nyuki. Aliichukua, akaiminya kwa vidole, akanirudishia. "Zibua kidogo nikuambie kitu," alisema, nami sikuwa nimeziba bado. Alisema tu, "Nenda salama."

Uwanjani, alasiri, vyama viwili vikasimama uso kwa uso. Nilikuwa nimeziba masikio yote mawili, hata lile lililokufa, kwa heshima yake. Wa Chumbageni walipomwona mzee wetu juu ya kinu walilipuka:

"Zumari kapanda kinuni, anatwanga mawingu!"

Bi Riziki hakungoja. "Twanga, Kombo, twanga! Unga utawafikia!"

Tukaanza. Sijui nikuelezeje. Upatu ulikuwa mapajani mwangu, lakini sauti yake ilitoka mbali, kama inatoka kisiwa cha pili. Niliisikia zaidi kwa magoti, kwa mifupa ya vidole, kwa meno. Wanawake walipita mbele yangu na kanga zao kama samaki wa rangi katika maji matulivu. Kila kitu kilikuwa laini. Nilihofu nitapotea, sikupotea. Mapigo yalikuwa yananijua. Na juu yetu sote, Mzee Kombo, macho yamefumbuka pima, ananitazama mikono na kuwatazama maharusi, anapuliza.

Asubuhi nilikaa kitandani bila kusogea. Nikasikiliza. Nyenze wa kushoto walikuwapo, wale wale, wadogo. Upande wa kulia nilingoja. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka barazani, nikausikia mkasi wa Bakari ukipita kwenye kitambaa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa pindo.

Nimeendelea kupiga. Zaina naye amerudi, tunapokezana, na kila ngoma anapumzika mmoja wetu. Sikio la kulia liko. Kwa hiyo usikate tamaa, wala usiache ngoma yako. Fanya hivi tu: chukua pamba safi ya ukubwa wa kokwa ya tende, maana pamba kavu peke yake haizuii kitu. Ikande na nta ya nyuki iliyolainishwa kwa joto la viganja mpaka iwe ngumu kidogo, ngoja ipoe, kisha izibe mlango wa sikio bila kuisukuma ndani. Ziba yote mawili kabla pigo la kwanza halijapigwa. Halafu keti mbali na mdomo wa zumari, uanze.